Usinunue Sifa, Nunua Mbegu: Alizeti na Mafuta Yake Chini ya Kilimanjaro

Saa nne asubuhi, maandazi yakiwa yamekwisha na moto umezimwa, pitisha kidole ukingoni mwa karai la mama yeyote anayekaanga hapa Soweto, mjini Moshi. Utakuta utando wa kahawia unaonata kama ulimbo. Sabuni haiutoi. Mama atakwambia huwa anaukwangua kwa kisu, au anausugua kwa mchanga na stilwaya mpaka vidole vinauma. Wengi hudhani ni masizi au unga ulioungua, kumbe ni mafuta yenyewe. Yamekutana na joto na hewa, yakashikana yakawa gundi, kama mafuta ya kitani yanavyokauka kwenye rangi ya mlango.

Nimeanzia kwenye karai kwa sababu hapo ndipo mkulima wa alizeti anapoweza kuona kwa macho jambo ambalo siku hizi anauziwa kwa maneno. Kwenye mashine ninakopeleka alizeti yangu, mazungumzo ya foleni yamebadilika. Zamani tuliulizana gunia limetoa lita ngapi. Sasa watu wanaulizana kuhusu mbegu iliyobadilika, ambayo mafuta yake, kwa maneno ya wanaoisifia, hayanuki, hayamdhuru mwenye presha, na wanunuzi wa nje wanayagombea kwa bei ya juu.

Mbegu ya namna hiyo ipo kweli duniani, na nyingi ya sifa zake ni za haki. Ila sifa hizo hazikai ndani ya mfuko wa mbegu peke yake. Zinaweza kupotelea shambani kwa jirani, kwenye mashine ya kukamulia au ndani ya dumu, na mkulima akabaki amelipia kitu ambacho hana. Ndiyo maana naandika kabla ya msimu, si baada yake.

Tuelewane kwanza juu ya mafuta yenyewe. Mafuta ya alizeti yamejengwa zaidi kwa asidi mbili za mafuta: linoleiki na oleiki. Ukizichora, zote ni minyororo mirefu ya kaboni. Oleiki ina kiungo kimoja cha maradufu. Linoleiki ina viwili, na katikati ya hivyo viwili pana mahali dhaifu ambapo hewa hupenya kwa urahisi. Hapo ndipo mafuta yanapoanza kunuka, na hapo ndipo gundi ya karai inapozaliwa. Kwa viwango vya kimataifa vya Codex, mafuta ya alizeti ya kawaida huwa na linoleiki kuanzia asilimia 48.3 hadi 74, na oleiki kuanzia 14 hadi 39.4. Alizeti ya oleiki nyingi ni kinyume chake: oleiki huanzia asilimia 75 na kufika 90.7. Ukiyatazama mafuta hayo mawili kwenye glasi huwezi kuyatofautisha, na ukiyaonja pia huwezi. Ganda la mbegu, liwe jeusi au la michirizi, nalo halikwambii kitu.

Tofauti hiyo ilianzia Krasnodar, kusini mwa Urusi. Kwenye kituo cha utafiti cha huko ndiko Vasily Pustovoit na wenzake walikuwa wamekwisha kuigeuza alizeti kutoka ua lenye mafuta kiasi kuwa zao ambalo karibu nusu ya uzito wa mbegu yake ni mafuta. Mwaka 1976, mtafiti aitwaye Soldatov alitangaza kazi aliyoifanya ya kuzitia mbegu za alizeti kemikali inayovuruga vinasaba. Alizipanda, akachambua mafuta ya vizazi vilivyofuata, akatenga mimea michache ambayo oleiki yake ilikuwa juu kupita kiasi. Aina iliyotokana nayo aliiita Pervenets, neno la Kirusi lenye maana ya mtoto wa kwanza. Sisi tungemwita kifungua mimba, na kweli alifungua. Alizeti za oleiki nyingi zinazolimwa leo Ufaransa, Hispania, Marekani na Argentina, sehemu kubwa zinarudi kwenye ukoo huo.

Kilichobadilika ndani ya mmea ni kidogo mno kwa kukitaja, ingawa matokeo yake ni makubwa. Mbegu inapojaa, hutengeneza oleiki kwanza, kisha kimeng'enya kimoja huichukua oleiki na kuigeuza linoleiki. Katika ukoo wa Pervenets, kimeng'enya hicho kimenyamazishwa ndani ya mbegu tu. Kwenye majani na mizizi kinaendelea na kazi, na ndiyo maana mmea haudhoofu. Ni kama fundi aliyesimamishwa kazi kwenye chumba kimoja cha nyumba huku vyumba vingine akiendelea navyo.

Watu huuliza watafiti wanaijuaje mbegu moja kati ya maelfu, na mbegu yenyewe hawajaiharibu. Mwaka 1963, Downey na Harvey wa Kanada walieleza njia ya nusu mbegu, wakiwa wanashughulika na mmea wa mafuta uitwao repu, jamaa wa haradali. Unakata kipande cha mbegu upande usio na kichipukizi, unakipima mafuta maabara, na kilichobaki unakipanda. Kipimo kikiwa kizuri, mmea tayari unao bustanini. Kwa kazi ya namna hiyo Wakanada waliondoa asidi ya eruki kwenye repu, ambayo ilitiliwa shaka kwa afya ya moyo, na mwaka 1974 Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba akatoa aina iitwayo Tower, ambayo mafuta yake ndiyo tunayoyaita kanola. Na si lazima iwe kemikali. Karanga yenye oleiki ya kufikia asilimia 80, iliyotangazwa na watafiti wa Florida mwaka 1987, ilikuwa imebadilika yenyewe bila mtu kuigusa, ikikaa kimya kwenye ghala la mbegu mpaka walipoipima.

Hapa hufuata swali ambalo nimeulizwa hata nje ya kanisa: je, alizeti hii ya oleiki nyingi ni GMO? Jibu ni hapana. Hakuna kinasaba cha kiumbe kingine kilichochomekwa. Jua hubadilisha vinasaba vya mimea kila siku shambani. Mtafiti huharakisha mabadiliko hayo kwa kemikali au mionzi, kisha huchagua. Kwetu Afrika Mashariki njia hii si ngeni. Kenya ilitoa ngano ya Njoro-BW1 mwaka 2001 na Eldo Ngano 1 mwaka 2014, zote zikitokana na mionzi. Zanzibar wanao mpunga wa SUPA BC, uliotokana na Supa yetu tunayoijua sote kwa kunukia. Aliyekula wali huo amekula mmea uliobadilishwa vinasaba kwa mionzi. Kwa hiyo anayekutisha kwa neno "iliyobadilika" mwombe aeleze, na anayekusifia kwa neno hilo mwombe aeleze vilevile.

Sasa njoo kwenye mlima, maana mlima wetu unaingia ndani ya mbegu.

Kile kimeng'enya kinachogeuza oleiki kuwa linoleiki hufanya kazi vizuri kwenye baridi na hulegea kwenye joto, hasa joto la usiku, katika wiki zile mbegu inapojaa baada ya ua kufunguka. Maana yake, mbegu ileile ya kawaida, kutoka mfuko uleule, ikipandwa Kahe au Chekereni hutoa mafuta yenye oleiki zaidi kuliko ikipandwa Sanya Juu. Hewa hupoa takribani nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Sisi tunaoishi na kihamba, shamba la nyumbani la migomba, juu na shamba la wazi chini tunaijua tofauti hiyo kwa koti, na alizeti inaijua kwa mafuta yake.

Ongeza majira. Wengi wetu tunapanda alizeti kwa mvua za masika, Machi au mwanzoni mwa Aprili. Ua linafunguka Juni, mbegu zinajaa Juni mpaka Julai, na hiyo ndiyo miezi ambayo wingu linakaa juu ya Moshi siku nzima na usiku unakuwa wa blanketi mbili. Kwa alizeti ya kawaida, huo ndio wakati wa linoleiki kujaa. Mwenye maji ya mfereji kule Mabogini akipanda ili mbegu zijae Januari au Februari, joto linafanya kazi upande mwingine na oleiki yake inapanda. Haitafikia ile ya mbegu iliyobadilika, lakini itasogea. Mbegu ya ukoo wa Pervenets, kwa upande wake, haiyumbi sana kwa baridi wala joto, kwa sababu fundi mwenyewe hayupo chumbani.

Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo. Kabla hujaacha mbegu unayoijua, iwe Record au nyingine, pima mafuta uliyonayo. Chukua chupa safi ya nusu lita, jaza mafuta ya mavuno ya mwisho, andika tarehe na jina la shamba, na upeleke maabara ya shirika la viwango, TBS, au ya chuo chenye idara ya sayansi ya chakula kama SUA Morogoro. Waulize kwanza kama wanaweza kukufanyia mchanganuo wa asidi za mafuta. Usiombe kipimo cha ubora tu, kwa kuwa hicho kitakwambia kama mafuta ni salama, hakitakwambia yamejengwa na nini. Gharama yake ni kubwa kwa mtu mmoja na ndogo kwa watu kumi. Mkiwa kikundi, pimeni chupa mbili: moja ya shamba la chini, moja ya shamba la juu. Mtashangaa jinsi mlima unavyojionyesha kwenye karatasi.

Nakuonya lakini: usikimbize joto kwa ajili ya oleiki. Alizeti iliyochanua kwenye ukame huku jua likichoma hutoa mbegu zilizosinyaa na mafuta machache. Ukipata oleiki nzuri kwenye lita nne badala ya lita kumi na mbili umejidanganya. Na juu kabisa, Kibosho, Uru, Marangu, kwenye migomba na kahawa, usiipeleke alizeti hata kwa mbegu ya dhahabu. Inataka jua la wazi. Kihamba kibaki kihamba.

Ushauri wa pili unahusu nyuki na jirani. Simama asubuhi mbele ya kichwa cha alizeti kilichoanza kuchanua. Kinachoonekana ua moja ni mamia ya maua madogo yaliyopangwa kwa duara, na yanafunguka kuanzia ukingoni kuelekea kati, duara baada ya duara, kwa muda wa wiki moja au zaidi. Kila siku nyuki anatua kwenye duara jipya, na miguuni amebeba chavua ya alikotoka jana na leo. Mafuta ya alizeti yamo ndani ya kiini cha mbegu, na kiini ni mtoto wa mama na baba. Kwa hiyo chavua ya alizeti ya kawaida ya jirani ikiangukia ua lako la oleiki nyingi, punje hiyo inakuwa chotara msimu huohuo, na oleiki yake inaweza kushuka. Hutaiona. Itaonekana maabara, mnunuzi atakapokwambia mzigo wako una 68 wakati mkataba ulidai 80.

Nyuki huruka kilomita kadhaa, na eka mbili za tambarare ya Moshi hazikosi jirani mwenye Record. Mtu mmoja kupanda alizeti ya oleiki nyingi katikati ya mashamba ya kawaida ni kazi bure. Zao hili linataka kitongoji kizima kikae chini, kikubaliane mbegu moja, kipande pamoja, na king'oe maotea yanayochipuka kutoka punje zilizodondoka msimu uliopita. Maotea hayo ni hatari kuliko jirani, kwa sababu yamo ndani ya shamba lako na yanachanua mapema. Pale ambapo makubaliano hayapatikani, achanisheni kwa wakati: mmoja apande mwezi mzima baada ya mwingine ili maua yasikutane. Nina imani na njia hii hapa kwetu, kwa kuwa watu wa mlima huu wamegawana maji ya mifereji kwa zamu kwa vizazi na vizazi. Tunaogawana maji kwa zamu tunaweza kugawana maua kwa zamu.

Sasa niseme langu. Mwaka mmoja nilinunua mbegu chotara, ikanipa mavuno ambayo sijawahi kuyapata. Vichwa vilikuwa sawa, urefu sawa, vimeinama siku moja kama askari wanaosalimu. Nikatenga debe moja la mbegu nzuri kwa ajili ya msimu uliofuata. Msimu huo nilipoingia shambani wakati wa maua niliona mimea inayonifika kiunoni na mingine inayonipita kichwa. Karibu robo ilikuwa na matawi, kila tawi na kichwa chake kidogo kama ngumi ya mtoto. Mingine ilichanua vizuri, lakini nilipogusa maua yake kidole kilitoka kikavu, bila chavua hata chembe. Nilifikiri ni ugonjwa. Bwana shamba aliponieleza, nilielewa kwamba sikuwa nimerogwa. Mbegu chotara hutengenezwa kwa kuoanisha wazazi wawili tofauti, mara nyingi baba akiwa na asili ya matawi na mama akiwa na asili ya kukosa chavua. Watoto wa kwanza huficha asili zote mbili, na wajukuu huzitoa nje. Debe langu lilikuwa la wajukuu.

Jambo hilohilo hutokea kwa oleiki. Mbegu chotara ya oleiki nyingi ukiitunza na kuipanda tena, wajukuu watagawanyika, wengine wenye oleiki ya juu, wengine wa kawaida, na mchanganyiko wao hauna jina sokoni. Ukiamua kuingia huko, hesabu mbegu mpya kila msimu kwenye bajeti yako. Ukitaka mbegu unayoweza kuitunza mwenyewe, tafuta ya uchavushaji huria, kama ilivyo Record, na ujifunze kuchagua vichwa vya kati ya shamba, si vya pembeni.

Mbegu yoyote utakayonunua, iwe na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na uihakiki lebo hiyo kwa simu yako ukiwa bado dukani, kabla hujatoa hela. Kama inaitwa ya oleiki nyingi, muulize muuzaji jina la aina na si jina la sifa. "Mafuta ya moyo" si jina la aina. Jina hilo ulipeleke kwa afisa wa TOSCI, ofisi ya kanda ipo Arusha, umuulize kama limesajiliwa na kama limefanyiwa majaribio ukanda wetu. Muuzaji mkweli hatakasirika. Mfuko usio na lebo, au mbegu iliyofunguliwa na kupimwa kwa kopo, uache hapohapo hata ukiambiwa imetoka Ulaya jana.

Halafu lipo swali ambalo wakulima wengi huuliza mwishoni wakati lingepaswa kutangulia: nani atanunua mafuta haya kwa bei ya ziada? Tanzania imekuwa ikiagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula inayoyatumia, na mengi ya hayo ni mawese. Maana yake soko la mafuta ya kawaida unalo hapa mtaani na halitaisha kesho. Soko la oleiki nyingi ni la viwanda vya kukaanga bidhaa za pakiti, hoteli, na wanunuzi wa nje wanaopima kila mzigo. Hao hununua tani, hawanunui dumu. Kama huna barua ya mnunuzi inayotaja asilimia anayoitaka na bei atakayotoa, panda mbegu bora ya kawaida, na nguvu yako uielekeze kwenye yanayofuata.

Yanayofuata ni mashine na dumu, na hapa ndipo tunapopoteza zaidi kuliko penginepo.

Katikati ya miaka ya 1980, Carl Bielenberg alibuni huku Tanzania mashine ndogo ya mkono ya kukamulia alizeti, ambayo mtu mmoja au wawili huiendesha kwa mpini mrefu. Ilienea vijijini, ikafika nchi nyingine za Afrika. Siku hizi wengi tunatumia mashine za umeme zenye skrubu, na mafundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, wamezisambaza vya kutosha. Ni kazi nzuri. Tatizo ni kwamba mashine inayokamulia kijiji kizima hubeba mabaki ya mteja aliyetangulia kwenye skrubu na kwenye chujio. Mafuta yaliyokwisha kuharibika huwasha uharibifu kwenye mafuta mapya, kama kuni yenye kaa inavyowasha kuni mbichi. Mwombe mwendeshaji asafishe chujio mbele yako. Lita za mwanzo zikusanye kwenye chombo tofauti, uzitumie nyumbani wiki hiyohiyo. Mwenye mashine akikataa, tafuta mwingine. Hapa Moshi hazikosekani.

Kausha mbegu kabla hujafika mashine. Anika juu ya turubai, siyo kwenye vumbi la barabara, mpaka ganda livunjike kwa sauti kavu ukiliuma. Mbegu yenye unyevu ikikaa kwenye gunia hupata joto la ndani, ukungu unaingia, na ukungu unaleta sumukuvu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta sumukuvu kwenye mbegu na kwenye mashudu ya alizeti ya Tanzania. Mashudu hayo ndiyo tunayompa ng'ombe aliyefungwa bandani kwenye kihamba, na sumu ya mashudu hupita kwenye maziwa. Kwa hiyo ukianika vizuri unalinda mafuta na unamlinda mjukuu anayekunywa maziwa, yote kwa turubai moja.

Kuhusu dumu. Pita barabara ya kwenda Himo au Boma Ng'ombe uone mafuta ya alizeti yamepangwa juani kwenye chupa na madumu yanayopitisha mwanga, yanang'aa kama asali. Ni mazuri kwa macho, na jua linayaua kila dakika. Mwanga, hewa na madini ya shaba na chuma ndio maadui wa linoleiki. Acha mafuta yatulie siku kadhaa ili masalia yazame, uyamimine kwa utaratibu, uyachuje kwa kitambaa safi kikavu. Jaza chombo mpaka shingoni ili hewa isibaki juu. Kiweke gizani, mahali pa baridi. Usitumie koki ya shaba wala bomba lenye kutu. Na usijaze mafuta mapya kwenye dumu la zamani ambalo halijaoshwa kwa maji ya moto na sabuni na kukaushwa kabisa. Ule utelezi unaobaki kwenye kuta zake ndio mafuta ya mwaka jana yaliyoharibika. Andika tarehe. Mafuta ya alizeti ya kawaida yaliyotunzwa hivi yatakaa miezi na miezi bila kunuka, wakati mafuta ya oleiki nyingi yaliyoachwa juani kando ya barabara hayatakushukuru kwa bei uliyoilipia mbegu.

Nimalizie jikoni, kwa mama wa maandazi na kijana wa chipsi. Kwenye kukaanga kwa muda mrefu, oleiki nyingi ina faida ya kweli: mafuta hayafanyi povu haraka, hayashikani haraka, karai linaosheka. Ila mafuta yoyote yaliyorudiwa siku tatu au nne ni mabaya, yawe ya mbegu gani. Yakianza kutoa povu lisilotulia, yakiwa mazito na meusi, yakitoa harufu ya rangi ya mbao, yamwage. Chuja makombo kila baada ya kukaanga. Usiongeze mapya juu ya yaliyochakaa ukidhani umeyaponya. Na moto usiwe wa kutoa moshi, hasa kwa mafuta ya mashine za mtaani ambayo hayajasafishwa kiwandani, kwa kuwa hayo hutoa moshi mapema.

Kwa afya, tuseme kweli bila kutia chumvi. Mwaka 2018, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mafuta yenye oleiki ya angalau asilimia 70 yatajwe kwamba yanaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, yakitumika badala ya mafuta yanayoganda, na ikasisitiza kwamba ushahidi unaunga mkono lakini haujakamilika. Linoleiki nayo si sumu. Mwili hauwezi kuitengeneza, lazima uipate kwenye chakula. Anayekwambia alizeti yetu ya kawaida inaua moyo anakudanganya ili akuuzie kitu. Mwenye presha anayetoka kliniki akaambiwa apunguze mafuta, apunguze mafuta. Asibadilishe tu dumu.

Masika yanaanza Machi. Mwenye shamba Kahe, Mabogini, Chekereni au Sanya Juu anayo miezi ya Januari na Februari ya kukaa na majirani zake, kupeleka chupa maabara, na kumtafuta mnunuzi atakayeandika asilimia na bei kwenye karatasi. Karatasi hiyo ikipatikana, nunueni mbegu ya oleiki nyingi kitongoji kizima, mpande wiki moja. Isipopatikana, pandeni Record safi yenye lebo, na hela iliyobaki mnunue turubai.